Sheria Mpakani: Wakati wa Kumwona Wakili Busia na Malaba

Busia na Malaba ni miji ya Kenya yenye pacha ng'ambo. Busia ya Kenya imepakana na Busia ya Uganda, na Malaba ya Kenya, iliyoko Teso Kaskazini, inatazamana na Malaba ya wilaya ya Tororo. Watu wa pande hizi huoana, hukopeshana, hukodishana mashamba na kuzikana. Wateso na Wasamia wako huku na kule kwa sababu mstari ulichorwa juu ya makazi yao: mwaka 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na agizo la mwaka 1926 likaukaza mpaka huo. Mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, na leo msafiri hushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Mahakama, hata hivyo, hazikuunganishwa. Amri ya hakimu wa Busia ya Kenya inakoma mpakani, na wakili aliyesajiliwa Nairobi hawezi kusimama katika mahakama ya Tororo kwa cheti chake cha Kenya.

Kwa hiyo kila swali la kisheria mpakani lina sehemu mbili: jambo lenyewe, kisha sheria ya upande gani inalitawala. Mengi ya mambo hayo hayahitaji wakili. Ng'ombe aliyeingia katika mahindi ya jirani, mkopo wa chama cha akina mama, ugomvi wa kodi ya chumba, yote haya yana wazee wa kijiji, naibu wa chifu na upatanisho wa familia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe kuhimiza upatanishi na njia za kimila, mradi zisivunje haki za mtu. Wakili huhitajika panapotiwa saini isiyofutika kwa urahisi, panapokuwa na muda uliowekwa na sheria, mtu anapokaribia kunyimwa uhuru wake, na jambo linapovuka mpaka. Wengi humwendea wakili wakati saini imekwisha kutiwa na muda umekwisha kupita, na hapo ndipo gharama yake huwa kubwa na msaada wake mdogo.

Madeni ndiyo malalamiko ya kila siku. Biashara ya hapa hutegemea kuaminiana: mchuuzi hupokea mayai, ndizi au mahindi kutoka Uganda, akaahidi kulipa baada ya kuuza. Asipolipa, mdai mwenye hasira hukimbilia kituo cha polisi. Lakini kudaiwa si kosa la jinai nchini Kenya, na polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya watu. Kosa lipo pale tu ambapo mali ilichukuliwa kwa ulaghai tangu mwanzo, au hundi ilitolewa na mtu aliyejua kwamba akaunti yake haina fedha. Deni la kawaida ni la mahakama ya madai, na mdai ana miaka sita ya kufungua kesi iliyotokana na mkataba.

Kwa deni lisilozidi shilingi milioni moja, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 imerahisisha sana njia. Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza Nairobi Aprili 2021, na tangu hapo zimefunguliwa katika miji mingine mingi. Mtu anaweza kujitetea mwenyewe kwa Kiswahili. Kanuni kali za ushahidi hazitumiki, na uamuzi unatakiwa kutolewa ndani ya siku 60. Bidhaa zilizouzwa bila kulipwa, pesa zilizoshikiliwa, mali iliyoharibiwa na hata majeraha ya mwilini huweza kusikizwa humo. Haisikizi migogoro ya umiliki wa ardhi, kesi za ajira wala za kuharibiana jina. Anayeshindwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja ya kisheria tu, si kwa kubishania ukweli wa mambo. Ndiyo maana ushahidi hupaswa kuandaliwa mapema: risiti, ujumbe wa simu, rekodi ya pesa zilizotumwa kwa simu, na karatasi ya makubaliano yenye tarehe, kiasi na sarafu. Sarafu ni jambo zito mpakani. Makubaliano yanayotaja "milioni mbili" bila kusema ni shilingi za Kenya au za Uganda yameshaanzisha kesi.

Mdaiwa akiwa ng'ambo, hesabu hubadilika. Kenya ina sheria ya mwaka 1984 inayoruhusu hukumu za nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, kusajiliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya na kutekelezwa kana kwamba zilitolewa hapa. Mfanyabiashara wa Tororo aliyeshinda kesi kwao halazimiki kuianza upya Busia, ilimradi asajili hukumu yake ndani ya miaka sita. Kusajili huko, na kujua kama hukumu yenyewe ni ya aina inayokubalika, ni kazi ya wakili. Mkenya anayedai mtu wa Uganda naye aulize kabla ya kufungua kesi, maana huenda ikawa nafuu kumshtaki mdaiwa kule aliko na mali yake.

Bidhaa zinazovuka mpaka zina sheria yake: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika pande zote mbili. Wachuuzi wadogo wamewekewa utaratibu rahisi: shehena yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizo katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani, bila ushuru wa forodha. Hakuna haja ya wakili hapo, na mara nyingi hata wakala wa forodha hahitajiki. Msamaha huo lakini hauondoi ukaguzi wa afya ya mimea na ubora. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikaruhusu tena kwa masharti ya usajili wa waagizaji na cheti cha vipimo. Waliokuwa wamepakia malori siku zile walijua kwamba kibali kinaweza kubadilika bidhaa zikiwa njiani.

Bidhaa zikikamatwa, iwe ni kwa kupitia njia za panya au kwa makaratasi yenye kasoro, saa ya sheria huanza kuhesabu. Mwenye mali ana mwezi mmoja tangu ziliposhikwa kudai kwa maandishi. Akinyamaza, sheria huzihesabu kuwa zimetaifishwa. Asiyekubaliana na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kuomba kwa kamishna wa forodha uamuzi huo uangaliwe upya, na akikataliwa ana siku 45 za kukata rufaa katika Baraza la Rufaa za Kodi. Mtego mkubwa zaidi upo katika utaratibu wa kumaliza kosa palepale ofisini: mtu hukiri kwa maandishi, kamishna humtoza faini, na jambo haliendi mahakamani. Kwa mwenye makosa dhahiri na mzigo mdogo huo ni msaada. Ila uamuzi wa namna hiyo hauna rufaa. Ikiwa gari limeshikwa pamoja na mzigo, au thamani ni kubwa, au mwenye mali anaamini hana kosa, asitie saini kabla ya kuzungumza na wakili.

Ardhi ndiyo inayojaza mahakama za Busia, ambako pamoja na Mahakama Kuu na mahakama za mahakimu kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sehemu kubwa ya kesi zake huanza kwa karatasi iliyoandikwa nyumbani. Mtu anauza robo ekari ili alipe karo au hospitali, mnunuzi analipa nusu, mzee wa kijiji anashuhudia, wanakunywa chai. Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, yatiwe saini na pande zote na kushuhudiwa, na karatasi ile pengine inatimiza masharti hayo. Lakini shamba la kilimo lina sharti lingine, nalo ndilo huangusha wengi: idhini ya bodi ya ardhi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, ombi la idhini hupelekwa kwa bodi ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Muda ukipita bila idhini, makubaliano huwa batili, na haki iliyobaki kwa mnunuzi ni kudai pesa zake kama deni, ingawa bei ya ardhi imepanda mara nne na nyumba imeshajengwa. Majaji wa rufaa wamewahi kuwaokoa wanunuzi waliokaa katika ardhi kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba muuzaji alikuwa ameishika kwa niaba yao. Wokovu huo huja baada ya kesi ndefu, na hauna hakika.

Kabla ya pesa yoyote kutoka mfukoni, mnunuzi anatakiwa kufanya upekuzi katika masjala ya ardhi, ambao wenyeji huuita kufanya sachi. Unahitaji nambari ya kiwanja, zile zinazoanza kwa majina kama Bukhayo/Mundika au South Teso/Angoromo, na unaonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, mkopo wa benki ulioandikwa juu ya ardhi, na zuio kama lipo. Upekuzi peke yake hautoshi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa kwamba hati haimlindi mwenye nayo ikiwa asili yake haikufuata sheria, hata kama yeye alinunua kwa nia njema. Mnunuzi anahitaji kujua ardhi ilitoka kwa nani na kwa njia gani.

Katika vijiji vya Busia swali hilo lina jibu ambalo halimo katika rejista. Ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza, familia nyingi ziliandikisha shamba la ukoo kwa jina la kaka mkubwa au baba mdogo, aliyeonekana kuwa mlinzi wa wote. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amana ya kimila ya namna hiyo inaweza kuifunga hati hata kama haikuandikwa juu yake. Mwenye jina kwenye hati anaweza kukuta kwamba watoto wa nduguye wana haki humo, na mnunuzi aliyenunua kwake akarithi mgogoro. Pia, aliyekaa katika ardhi ya mwingine kwa zaidi ya miaka 12 waziwazi na bila ruhusa anaweza kuomba mahakama imtangaze kuwa mmiliki. Kuzunguka shamba, kuuliza majirani wanne na kumsalimu anayelima hapo ni kazi ya saa moja ambayo hakuna wakili anayeweza kumfanyia mnunuzi. Ikiwa ardhi ni ya familia, idhini ya mke au mume nayo ni lazima. Mauzo yaliyofanywa kwa siri ya mwenzi huweza kufutwa.

Shida iliyo ya mpakani hasa ni uraia. Kifungu cha 65 cha katiba kinamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na bodi ya ardhi hairuhusiwi kuidhinisha shamba la kilimo lihamishiwe kwake. Mganda anayenunua shamba Malaba na kuliandikisha kwa jina la shemeji yake Mkenya amemnunulia shemeji yake shamba. Ng'ambo, sheria ya Uganda nayo humruhusu mgeni kukodi tu, kwa hiyo Mkenya anayevutiwa na bei ya chini ya ardhi ya upande wa pili yuko katika hatari ileile. Undugu wa damu, lugha moja na makaburi ya mababu havibadilishi jibu la msajili. Tangu 2010 Mkenya anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili, na kwa baadhi ya familia za mpakani hiyo ndiyo njia halali ya kwanza kuchunguza. Kwa ardhi, basi, wakili ahusishwe kabla ya malipo ya kwanza. Kumlipa mtu asiye wakili aandae nyaraka za kuhamisha ardhi, hata kama meza yake iko nje ya lango la mahakama, ni kumsaidia kutenda kosa chini ya Sheria ya Mawakili.

Mwenye shamba akifa, mtoto wa kiume hawi mmiliki kwa kuzika, wala mjane hapotezi haki kwa kukataa kurithiwa na shemeji. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inataka mahakama itoe barua za usimamizi kwanza. Anayeuza, kugawa au kukodisha mali ya marehemu kabla ya hapo anatenda kosa la jinai. Safari huanza kwa chifu, anayeandika barua ya kuwataja wote waliobaki: wajane, watoto wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa, na wa nyumba zote. Ombi huwasilishwa mahakamani, tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Baada ya miezi sita tangu msimamizi ateuliwe, mgao huthibitishwa, na ndipo hati zinapoweza kubadilishwa majina. Mali ikiwa ndani ya kiwango cha mahakama ya hakimu, ambacho kwa hakimu mkuu ni shilingi milioni 20, hakuna haja ya kwenda Mahakama Kuu.

Familia iliyokubaliana inaweza kufanya haya bila wakili, na karani wa mahakama huwaeleza fomu zinazohitajika. Anayefichwa ndiye huleta kesi. Binti aliyeolewa Samia au Tororo ana haki sawa na kaka zake chini ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Urithi, na Mahakama ya Rufaa ilisisitiza usawa huo mwaka 2005 katika kesi ya Rono. Barua ya chifu iliyomwacha nje, au mke wa pili aliyeambiwa hahusiki, ni sababu ya mahakama kufuta usimamizi wote, hata miaka mingi baadaye. Aliyeachwa nje amwone wakili mapema, kabla mali haijauzwa kwa mtu wa tatu. Wakili anahitajika pia marehemu anapoacha mali pande mbili. Barua za usimamizi zilizotolewa Kenya hazigusi shamba la Uganda mpaka zipigwe muhuri na mahakama ya kule, na zilizotolewa Uganda hupigwa muhuri Kenya chini ya kifungu cha 77 cha sheria hiyo. Uganda ina ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya wengi kuruhusiwa kuomba, jambo ambalo Kenya haina, na familia nyingi hulijua baada ya safari ya pili au ya tatu.

Ndoa zenyewe huchangia ugumu huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na inataka zote zisajiliwe, za kimila zikiwemo. Mahari iliyolipwa ng'ambo ya mpaka mbele ya wazee waliokwisha kufa ni ushahidi dhaifu kwa mjane anayeambiwa hakuwa mke. Usajili ni wa gharama ndogo na hauhitaji wakili. Talaka huhitaji mahakama, hata kwa ndoa ya kimila, na mali ya pamoja ikiwa kubwa kila upande unafaa kuwa na wakili wake. Kuhusu watoto, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe walioana au la. Mama anayetafuta matunzo aanzie ofisi ya watoto, ambayo huwaita wazazi na kuandika makubaliano bila malipo. Mzazi mmoja akitishia kumvusha mtoto mpaka, hapo mazungumzo hayatoshi: ombi la dharura la kuzuia safari hupelekwa mahakamani siku hiyohiyo, maana mtoto akishafika ng'ambo amri ya Busia haimfuati yenyewe.

Wapakiaji wa mizigo, utingo, madereva na makarani wa mawakala wa forodha ni wengi katika miji hii, na wengi wao hawana mkataba wa maandishi. Hilo haliwanyimi haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aandike mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na asipouonyesha mzigo wa kukanusha madai ya mfanyakazi humwangukia yeye. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja huweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Hakuna anayeweza kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu bila kuelezwa kosa na kusikizwa, akiwa na mwenzake wa kazi kama anataka. Ofisi ya kazi hupatanisha bure. Isipofaulu, kesi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu, na mahakama za ajira haziongezi siku hata moja. Aliyeumia kazini, kwa mfano aliyeangukiwa na gunia au kukatwa na mashine ya kusaga, afuate Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini: taarifa kwa mwajiri na kwa mkurugenzi wa usalama kazini, ambaye ndiye anayekadiria fidia. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019 ulifunga njia ya kwenda mahakamani moja kwa moja.

Ajali za barabarani ni tofauti, kwa kuwa hizo huenda mahakamani na muda wake pia ni miaka mitatu. Kampuni ya bima inapaswa kupewa ilani kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada yake, la sivyo inaweza kukwepa kulipa. Gari la kigeni linalovuka hapa huwa na kadi ya njano ya bima ya COMESA, na ofisi yake ya Kenya husimamiwa na Kenya Re, kwa hiyo aliyegongwa na lori la Uganda upande wa Kenya hana sababu ya kukata tamaa. Apige picha ya kadi hiyo na nambari ya gari kabla lori halijaondoka, apate nambari ya taarifa katika kitabu cha OB cha polisi, na ajaziwe fomu ya polisi ya P3 hospitalini. Kesi ya majeraha makubwa inamhitaji wakili. Asiyehitajika ni wakala anayetembea wodini akikusanya saini za wagonjwa. Kuwatafutia mawakili wateja kwa malipo ni kosa, na mkataba wa kumpa wakili sehemu ya fidia endapo tu kesi itashinda hautambuliki nchini Kenya.

Mtu anapokamatwa, kifungu cha 49 cha katiba humpa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeishia mwisho wa juma. Ng'ambo, katiba ya Uganda inatoa saa 48, jambo la kukumbukwa na familia inayomsubiri kijana aliyeshikwa Busia ya upande wa pili. Dhamana ya polisi ni bure isipokuwa fedha taslimu zinapowekwa, na zikiwekwa hutolewa risiti kwa sababu hurudishwa. Ungamo mbele ya askari anayechunguza kesi halina nguvu. Hupokelewa na jaji, hakimu, au afisa mwingine wa cheo kilichowekwa na sheria, mshukiwa akiwa na mtu aliyemchagua. Waranti ya Uganda haitekelezwi Kenya kwa askari kuvuka daraja na pingu. Ni lazima iidhinishwe na hakimu wa Kenya. Mwenye shtaka dogo anaweza kujisimamia, lakini palipo na hatari ya kifungo kirefu familia itafute wakili kabla ya siku ya kujibu mashtaka. Asiye na uwezo aombe mahakamani wakili wa serikali, ambaye katiba inamhakikishia iwapo kumkosa kungeleta udhalimu mkubwa.

Kuna mambo ambayo baraza la wazee halina ruhusa kabisa ya kuyagusa. Mwaka 2013 huko Tingolo, Butula, katika kaunti hii ya Busia, msichana wa miaka 16 aliyefahamika kwa jina la bandia Liz alibakwa na kundi la wanaume. Washukiwa watatu waliokamatwa waliadhibiwa kwa kufyeka nyasi kwenye kambi ya polisi, kisha wakaachiliwa. Zaidi ya watu milioni moja ulimwenguni walitia saini kupinga, na Aprili 2015 mahakama ya Busia iliwafunga watatu hao miaka 15 kila mmoja. Ng'ombe, pesa au ahadi ya ndoa haziwezi kufuta kosa la kunajisi au kubaka. Kesi ni ya serikali, familia haina mamlaka ya kuiondoa, na hata mkurugenzi wa mashtaka ya umma huhitaji idhini ya mahakama kuisitisha. Mwathiriwa apelekwe hospitali kwanza, ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, kisha polisi. Halipi wakili wa kushtaki, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inamruhusu kuwa na wakili wake akitaka.

Wakili halali ana cheti cha kila mwaka, na Chama cha Mawakili wa Kenya kina orodha mtandaoni inayoonyesha kama anacho mwaka huu. Ada zina viwango vya chini vilivyowekwa kisheria. Mteja aombe kiasi kiandikwe, apewe risiti kwa kila malipo, na akiona bili imezidi anaweza kuomba ikadiriwe na naibu msajili wa mahakama. Aende siku ya kwanza na karatasi zote zilizopangwa kwa tarehe, majina kamili ya wahusika, na swali moja la wazi: muda wa sheria unaisha lini? Mashauriano ya saa moja kabla ya kutia saini ni gharama ambayo wengi wanaimudu, hata kama kesi nzima hawaimudu.

Kwa asiyeweza kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, na si raia pekee wanaohudumiwa; wakimbizi, watoto na waathiriwa wa biashara haramu ya binadamu wamo pia. FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985, huwasaidia wanawake na watoto wa magharibi kupitia ofisi yake ya Kisumu. Kituo cha Sheria kimewahudumia maskini tangu 1973. Wakili aliyekula fidia ya mteja au kuitelekeza kesi yake hushtakiwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ambayo hupokea malalamiko bila malipo na kuwafikisha wakosaji mbele ya Baraza la Nidhamu. Baraza hilo linaweza kumwamuru wakili alipe fidia, kumsimamisha kazi, au kulifuta jina lake katika orodha ya mawakili.